Nani anabaki na mtoto leo?

Jumatatu moja ya Novemba 2018 niliamka saa kumi na moja alfajiri nikakuta funguo za geti ziko juu ya friji, na mlango wa chumba cha dada wa kazi uko wazi. Godoro limeegeshwa ukutani, shuka limekunjwa vizuri, na juu yake kuna ile kanga aliyokuwa anambebea mwanangu mgongoni. Begi lake halipo. Nikapiga simu, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Mwanangu alikuwa na miezi minane, ndo kwanza anaanza kutambaa, na mimi natakiwa niwe kituoni kabla ya saa kumi na mbili maana hapa Dar kutoka Goba mpaka Posta ukichelewa dakika ishirini kutoka nyumbani unaweza kulipia lisaa lizima la foleni.

Mume wangu akatoka chumbani ameshavaa shati la kazini, akaona hali, akaniuliza kwa upole kabisa, "sasa utafanyaje?"

Nimelifikiria swali lile miaka yote hii. Aliuliza kwa huruma na najua alikuwa ananionea huruma kweli, ila aliuliza utafanyaje, na mimi mwenyewe wala sikushtuka, nikachukua simu nikaanza kumwandikia bosi wangu meseji ya kuomba radhi, ya tatu tangu Septemba. Haikunipitia kichwani hata sekunde moja kwamba siku ile angeweza kubaki yeye. Na yeye haikumpitia. Tulikuwa watu wawili wenye ajira, wote tumesoma, wote tunachangia kodi ya nyumba, lakini kazi yangu ilikuwa imesimama juu ya mabega ya binti wa miaka kumi na tisa na kazi yake ilikuwa imesimama juu ya mabega yangu. Yule binti alipopanda basi, kazi iliyoanguka ilikuwa moja tu.

Mwisho wa Januari 2019 niliandika barua ya kuacha kazi. Watu wakanipongeza, "hongera mama, umeamua kulea", shangazi zangu wakafurahi, kanisani pia. Nataka kuandika kuhusu hilo neno umeamua.

Nirudi nyuma kidogo. Nilikuwa msaidizi wa mhasibu kwenye kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini. Kazi niliipenda, naipenda mpaka leo, kuna raha fulani ya kufunga mwezi na vitabu vikakubaliana ambayo mtu asiyeifanya hii kazi ni ngumu kumweleza. Nilijifungua Machi 2018. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja siku 100. Hizo siku 84 zinahesabiwa zote, Jumapili humo humo, sikukuu humo humo. Unaruhusiwa kuanza wiki nne kabla ya tarehe ya kujifungua, ila kila mama mwajiriwa ninayemjua anafanya nilichofanya mimi, unakwenda kazini na tumbo mpaka miguu inajaa maji ili siku zisiliwe kabla mtoto hajafika. Mimi niliacha kwenda kazini wiki moja kabla.

Sasa piga hesabu. Siku 84 ni wiki 12. Nikatumia moja kabla, nikabaki na 11. Kliniki nesi ananiambia, na ni ushauri wa Shirika la Afya Duniani sio wa kwake, mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita, hata maji usimpe. Wiki 11 ni miezi miwili na nusu. Yaani kuna miezi mitatu na nusu hapo katikati ambayo serikali kupitia kliniki inakwambia uwe na mtoto na serikali hiyo hiyo kupitia sheria ya kazi inakwambia uwe ofisini, na hakuna aliyekaa chini akaniambia huo mwanya niuzibe na nini.

Niliuziba na stoo ya mafaili. Kila siku saa nne na saa saba naingia na mkoba, nasukuma kiti kizibe mlango maana kitasa kilikuwa kimeharibika, najikamua kwenye kikombe cha plastiki nikisikiliza mashine ya fotokopi iliyokuwa upande wa pili wa ukuta. Ikiwa inafanya kazi napumua, maana najua yule kijana wa ofisi yupo pale na hatakuja kutafuta faili. Ikinyamaza moyo unaanza kwenda mbio, na ukiwa na wasiwasi maziwa hayatoki, nadhani kila mama aliyewahi kujikamua kwa kujificha anajua. Maziwa naweka kwenye flaski yenye barafu, jioni nafika nayo nyumbani. Siku joto la Dar likizidi na foleni ya Mbezi ikigoma nafika barafu yote imeshakuwa maji, nayamwaga. Nilikuwa nayamwaga usiku jikoni taa zimezimwa ili nisiulizwe.

Kuna watu watasema lakini sheria inatoa masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha. Ndiyo, ipo, kifungu cha 33. Afisa utumishi wetu alinikubalia bila shida yoyote, tukapanga niwe natoka saa tisa badala ya saa kumi na moja, maana haiwezekani mtu atoke Posta aende Goba kunyonyesha halafu arudi, hiyo haki imeandikwa kama vile mtoto yupo chumba cha pili. Kwenye karatasi ilikaa vizuri. Ila kazi ya uhasibu ina tarehe zake, tarehe 7 PAYE, ile kodi ya mishahara, tarehe 20 ritani ya VAT, na nyaraka za wateja zinaingia mchana mwingi, vikao vinaanza saa tisa na nusu. Hakuna aliyenizuia kutoka. Walikuwa tu wanaendelea na kikao mimi nikiwa kwenye daladala, na kesho yake nakuta maamuzi yameshafanyika na kazi yangu nusu ameimalizia mwenzangu, ambaye hakusema neno ila uso wake ulisema. Mwezi wa nne tangu nirudi kazini nikaacha kutoka saa tisa. Haki ikabaki kwenye faili.

Mume wangu alipata siku tatu. Ndo kiwango cha chini kisheria kwa baba, siku tatu, ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Mbili alizitumia hospitali na kwenye karatasi za bima, ya tatu akalala. Wakenya kwenye Sheria yao ya Ajira ya 2007 baba ana wiki mbili na mama ana miezi mitatu, Rwanda 2023 wamemfikisha mama wiki 14. Na sisi tumepiga hatua moja ambayo imenigusa sana, marekebisho ya sheria ya 2025 yamemwongezea muda mama aliyejifungua njiti, yaani mtoto wa kabla ya wakati, mpaka zitimie zile wiki 40 za ujauzito. Nina binamu aliyejifungua wiki ya 30, likizo yake karibu yote iliisha akiwa wodini amemfunga mtoto kifuani, mtoto anaruhusiwa kwenda nyumbani na yeye anatakiwa kuripoti kazini. Yeye haikumkuta hiyo sheria. Ila siku tatu za baba bado zipo pale pale na mi naamini mambo mengi yanaanzia hapo, kwenye wiki ile ya kwanza. Mimi kwa siku 84 nilijua kilio cha njaa na kilio cha tumbo, nilijua dawa iko droo gani na kadi ya kliniki iko wapi, yeye kwa siku tatu hakupata nafasi ya kujua. Baada ya hapo kila mtu ndani ya nyumba, hadi mtoto mwenyewe, anamtafuta anayejua.

Tulipokaa Desemba kuzungumza nani afanye nini, tulifanya ile hesabu ambayo wanandoa wengi wanaifanya na ndo maana nataka kuianika. Mshahara wangu ulikuwa laki nne na nusu mkononi. Wake laki saba. Dei kea ya maana karibu na kwetu ilikuwa laki moja na ishirini, na inafunga saa kumi na moja jioni, kwa hiyo anatakiwa mtu wa kumchukua, weka elfu hamsini. Nauli yangu, chakula cha mchana. Tukatoa, tukatoa, ikabaki kama laki mbili, mume wangu akasema kwa laki mbili kweli ujiue hivi? Nikaona ana hoja.

Ilinichukua miaka kuona kosa lilipo kwenye ile hesabu, na mimi ni mtu wa hesabu. Dei kea tuliitoa kwenye mshahara wangu peke yangu. Mtoto ni wetu wote, anayemlea anatuwezesha wote wawili kwenda kazini, lakini gharama yake ikaandikwa kwa mama kama vile ni nauli yangu. Ungeitoa kwenye jumla ya milioni moja na laki moja na nusu, picha inabadilika kabisa. Na tulihesabu mwezi mmoja tu, hatukuhesabu mbele. Hatukuhesabu kwamba kuanzia Februari 2019 mpaka Septemba 2022 nilikuwa nje, miezi 44 ambayo NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, haikuingia hata shilingi kwa jina langu, wakati pensheni inataka michango ya miezi 180. Hatukuhesabu kwamba yule mwenzangu aliyemalizia kazi yangu leo ndo mhasibu mkuu.

Kuna wachumi, Henrik Kleven na wenzake, walichukua takwimu za Denmark za miaka mingi wakachora mapato ya wanaume na wanawake kabla na baada ya mtoto wa kwanza. Kabla ya mtoto mistari miwili inakwenda pamoja. Mtoto akizaliwa wa baba unaendelea kama hakuna kilichotokea, wa mama unaanguka, na hata baada ya miaka mingi unabaki chini kama asilimia 20. Walichapisha 2019, mwaka ule ule nilioacha kazi. Nilipokutana na ule mchoro niliutazama muda mrefu, maana hiyo ni Denmark, kwenye dei kea mpaka za serikali, likizo ndefu, na bado. Claudia Goldin aliyepata Nobel ya uchumi 2023 anaeleza sehemu ya sababu kwa namna ambayo mi naielewa mpaka kwenye mifupa, kwamba kazi nyingi zinamlipa zaidi yule anayepatikana muda wote, wa kikao cha saa tisa na nusu, wa simu ya Jumamosi, na wakiwa wawili nyumbani hawawezi wote kuwa huyo mtu mtoto akiwepo. Mmoja anakuwa wa ofisi na mwingine anakuwa wa kupigiwa simu na shule. Kwetu hatukupiga kura nani awe nani.

Ila Tanzania kuna kitu tofauti na Denmark na naona kinasahaulika. Mama wa hapa haachi kazi. Nani ana hela ya kuacha kazi? Nilichoacha ni mshahara. Wiki ya tatu tu baada ya barua nilikuwa natengeneza sabuni ya maji kwenye ndoo, nauza kwa majirani na kwenye stetasi ya wasap, baadaye nikaongeza ubuyu na barafu za maziwa. Nilikuwa nafanya kazi masaa mengi kuliko ofisini, mtoto mgongoni, na mwezi mzuri napata laki na nusu, mwezi mbaya nakula mtaji. Hakuna likizo, hakuna bima, mtoto akiumwa biashara imefungwa. Nenda soko lolote asubuhi uone akina mama waliomlaza mtoto kwenye boksi chini ya meza ya nyanya, hao ukiwauliza kwenye sensa wanafanya kazi watasema ndiyo, na ni kweli. Zile siku 84 haziwahusu, hakuna wa kuwalipa. Wengi wanarudi mezani baada ya arobaini, wengine kabla.

Shirika la Kazi Duniani lilisema 2024 kwamba wanawake milioni 708 duniani wako nje ya soko la ajira kwa sababu ya kulea na kuhudumia familia bila malipo, wanaume ni milioni 40. Mi najiuliza wale wa chini ya meza ya nyanya wako kundi gani, maana wapo sokoni na wanalea, yote kwa wakati mmoja, na yote mawili yanaumia.

Kitu kilichonipa moyo ni utafiti mmoja wa Korogocho, Nairobi. Waliwachukua akina mama wenye watoto wadogo, baadhi wakalipiwa vituo vya kulelea watoto vya palepale mtaani, vya kawaida tu. Baada ya mwaka hivi, wenye kazi kati ya waliolipiwa walikuwa wamezidi wa wasiolipiwa kwa kama nane au tisa katika kila mia, na kwa wale wanaolea peke yao waliweza kupunguza masaa ya kazi bila kipato kushuka, maana sasa wanachagua kazi za mchana zenye muda unaoeleweka. Hawakupewa semina ya kujiamini wala kufundishwa ujasiriamali. Walipewa mahali pa kumwacha mtoto.

Sasa dada.

Wiki mbili baada ya ile Jumatatu alinipigia kwa namba ya mtu. Analia. Yuko kwao Singida, mama yake alimpigia usiku kwamba mtoto wake ana homa kali, amepata degedege. Mtoto wake. Mimi nilijua ana mtoto, nilijua kwa namna ile mtu anavyojua kitu halafu anakiweka pembeni, binti wa miaka mitatu anayelelewa na bibi. Nikamuuliza kwa nini hukuniaga, akanyamaza, halafu akasema, "dada, Oktoba nilikuomba ukasema subiri mwisho wa mwezi."

Ni kweli nilisema. Tulikuwa tunafunga mwezi na nilishaomba ruhusa mara mbili, kwa hiyo mimi niliyekuwa naomba huruma kwa bosi wangu nikamnyima yeye ruhusa ile ile, kwa sababu ile ile. Nimemwomba msamaha tangu hapo, zaidi ya mara moja, na alinisamehe haraka kuliko nilivyostahili.

Alipata mimba kidato cha pili, 2015, akaondolewa shule kama ilivyokuwa utaratibu. Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliojifungua wanaruhusiwa kurudi shuleni nilimpigia nikiwa na furaha, akacheka kidogo akasema dada mi nina miaka ishirini na mbili na mwanangu ndo anaingia shule, nani atamlipia daftari? Mtoto kwake alikatisha kila kitu kabla ya kazi ya kwanza, halafu njia iliyobaki ikawa kuja mjini kulea wa mtu mwingine ili amtumie bibi hela ya kumlea wake. Nilikuwa namlipa elfu sitini, na ile amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza Januari 2023 ilipotoka niliona mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri amewekewa hiyo hiyo elfu sitini, kwa hiyo kisheria nilikuwa sawa. Mimi sikujiona niko sawa. Elfu sitini kwa mtu anayebeba ajira za watu wawili.

Nilirudi kazini Oktoba 2022, mtoto wangu wa pili akiwa na miaka miwili na miezi kadhaa. Intavyuu nilifanya sita. Nne kati ya hizo niliulizwa watoto wako wana umri gani, na moja mzee mmoja kwenye paneli, mtu mzima mwenye heshima zake, akaniuliza wazi, mtoto akiumwa nani anabaki naye? Pengo kwenye wasifu walilitazama kama vile nilikuwa nimelala miezi 44. Mifumo ya kuwasilisha ritani mtandaoni ilishabadilika, nikajifunza upya usiku kwa bando la kuungaunga, na nilianza kwa mshahara mdogo kuliko niliouacha, laki nne kamili. Nilikubali. Siku ya kwanza nilipokaa kwenye kiti na kikokotoo mbele yangu machozi yalitoka.

Tumepanga tofauti sasa. Dei kea tunailipa kabla hatujagawana chochote, iko juu kabisa ya orodha pamoja na kodi ya nyumba. Dada tuliyenaye anakuja asubuhi anaondoka jioni, kwake ni mtaa wa nyuma, na likizo yake imeandikwa kwenye kalenda ya jikoni. Yule wa kwanza yuko Arusha, bado anafanya kazi za ndani, mwanae bado yuko kwa bibi Singida. Kuhusu mtoto akiumwa tulikubaliana zamu, mara hii mimi mara ile baba yake. Kukubaliana kulikuwa kazi ya usiku mmoja, kufanya kumechukua muda mrefu zaidi, maana alikuwa hajui hata dozi.

Zamu yake ya kwanza ilikuwa Machi 2023, mdogo alikuwa na homa. Mimi nikaondoka saa kumi na moja na nusu, nikiwa kwenye daladala nimeshika simu njia nzima na sikumpigia. Jioni akanisimulia. Alimpigia bosi wake saa moja asubuhi, akasema mtoto anaumwa leo sitafika. Bosi akanyamaza kidogo halafu akauliza, kwani mama yake yuko wapi?

Akamjibu, yuko kazini.

Bosi akasema sawa, ila isiwe mazoea.